Usafishaji wa Picha Mbinga na Mwambao wa Nyasa: Kutoka Vioo vya Wamisionari hadi Faili Ghafi

Historia ya picha katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, husimuliwa mara nyingi kama historia ya watu waliobeba kamera: madaktari wa jeshi la Kijerumani, mapadre na mabruda wa Peramiho na Kigonsera, wamisionari wa Kianglikana waliozunguka ziwani kwa meli, na baadaye wapiga picha wa studio za mijini. Masimulizi hayo huacha nusu ya kazi. Kamera hunasa mwanga tu, na mwanga huo huacha alama ambayo jicho haliwezi kuisoma mpaka fundi aishughulikie, ama kwa dawa ndani ya chumba cha giza, ama kwa programu ndani ya kompyuta. Na fundi huyo ndiye anayeamua uso utang'aa kiasi gani, kivuli kitafichua nini na rangi zitakuwaje. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 nusu hiyo ya pili, yaani usafishaji wa picha, kwa sehemu kubwa imefanyika mbali na mwambao huu, na mara nyingi asili ya picha imebaki kulekule ilikosafishwa. Kamera ndogo ya dijitali inayohifadhi faili ghafi, yaani vipimo vya mwanga kabla havijasafishwa, imeipa jamii ya hapa nafasi ya kuimiliki nusu hiyo kuliko chombo chochote kilichotangulia, ingawa nafasi yenyewe ina masharti yake.

Katikati ya karne ya 19 mpiga picha hakuwa na hiari ya kuzitenga kazi hizo mbili. Katika utaratibu uliotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, kioo kilipakwa kolodioni, kimiminika kinachonata, kikachovywa katika chumvi ya madini ya fedha, kikatumika kingali kibichi na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka, kwa hiyo msafiri alilazimika kubeba hema la giza, chupa za dawa na maji ya kutosha. Mwaka 1871 daktari Richard Leach Maddox alipendekeza jelatini itumike badala ya kolodioni, na vioo vikavu vilivyotokana na wazo hilo viliweza kutengenezwa kiwandani, kusafirishwa kwa miezi, kupigiwa picha barani Afrika na kusafishwa Ulaya. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani yake, ambayo mnunuzi aliirudisha nzima kiwandani Rochester ili mkanda utolewe na kusafishwa. Uvumbuzi huo uliwapunguzia wasafiri mzigo, lakini pia ndio uliowezesha picha ya mahali kuondoka mahali hapo ikiwa bado haijaonekana na mtu yeyote, hata yule aliyepigwa.

Utawala wa Kijerumani ulifika ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa wakati vioo vikavu vilikuwa vimekwisha kuenea. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni aliyefanya kazi na kusafiri katika eneo hili mwishoni mwa karne hiyo, alikusanya habari na picha za watu, makazi, zana na mandhari, akazitumia katika kitabu kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma kilichochapishwa Berlin mwaka 1906 pamoja na atlasi ya picha. Sehemu ya picha za namna hiyo zilifuata kanuni za anthropolojia ya wakati huo, taaluma iliyodai kuwapanga binadamu kwa maumbo ya miili yao, na kwa sababu hiyo mtu alisimamishwa kwanza akiitazama kamera, kisha akageuzwa ubavu. Picha hizo ziliandaliwa na kuchapwa kwa ajili ya msomaji wa Ujerumani, na ni yeye aliyeziona katika ubora wake wote. Mwaka huohuo wa 1906, Nduna Songea Mbano na viongozi wenzake wa Wangoni walinyongwa na Wajerumani mahali ulipo sasa mji wa Songea, baada ya kushindwa katika Vita vya Majimaji. Maarifa ya picha na mabavu ya dola vilikwenda sambamba.

Wamisionari walikuwa na shabaha nyingine, lakini njia ya picha zao haikutofautiana sana na hiyo. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ya Kanisa la Anglikana, iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma tangu mwaka 1885, ilihudumia vijiji vya mwambao kwa meli, ikiwamo ile iliyopewa jina la Chauncy Maples, askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu maarufu ya Misri, ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vikubwa, na ndiko alikofia Padre William Percival Johnson mwaka 1928 baada ya miongo mingi ya kazi kandokando ya ziwa. Upande wa milimani, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia kutoka Bavaria walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, ndani ya Mbinga ya leo, mwaka 1899. Misheni zote mbili zilikuwa na majarida huko Ulaya, na jarida la Waanglikana lilitolewa London tangu mwaka 1883, yakiwaonyesha wafadhili shule, zahanati, makanisa yanayojengwa na waumini wapya. Picha iliyochaguliwa ni ile iliyoweza kumshawishi mfadhili, na iliyobaki iliwekwa kabatini. Nyaraka za misheni ya Kianglikana zimehifadhiwa leo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, na mtafiti wa Liuli anayetaka kuona asili hana budi kuanzia huko.

Aliyetaka kusafisha picha hapahapa alikabiliwa na tatizo ambalo mafundi wa Ulaya hawakulijua, nalo ni joto la maji. Jelatini ni utando unaotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na hunyonya maji na kuvimba. Dawa za kusafishia zilipangwa zifanye kazi katika nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na maji yanapopita nyuzi 24 utando huanza kulegea, kukunjamana pembeni na hata kubanduka kutoka kwenye kioo. Ziwa Nyasa liko katika mwinuko wa mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali milima ya Umatengo, isiyo mbali na ufuo, hufikia karibu mita 2,000 na vijito vyake ni baridi. Mahali ambapo maji yalikuwa ya vuguvugu, kanuni za kazi zilimtaka fundi asafishe usiku wa manane au alfajiri, apoze dawa kwa kuzungushia chombo kitambaa kilicholowa, na auimarishe utando kwa shabu au formalini kabla ya kuuosha. Jiografia ya Mbinga na Nyasa, yenye baridi juu na joto chini, iliingia kwa namna hiyo ndani ya beseni la msafisha picha.

Hatua zenyewe zilikuwa chache na hazikubadilika kwa takriban karne nzima. Katika giza, au chini ya taa nyekundu ambayo aina nyingi za vioo na karatasi za awali hazikuiona, fundi alikitia kioo au mkanda ndani ya developa, dawa inayogeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa madini meusi ya fedha. Kisha akasimamisha kazi ya dawa hiyo kwa maji au asidi hafifu, akatia fiksa, dawa inayoondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, na mwishowe akaosha kwa muda mrefu na kuanika. Kilichopatikana kiliitwa negativu, yaani picha iliyogeuzwa, ambayo weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe, na kutokana nayo ziliweza kutolewa nakala nyingi kwenye karatasi. Katika kutoa nakala ndimo ulimokaa ustadi mkubwa: fundi aliweza kukinga sehemu moja kwa kiganja ili isiwe nyeusi mno, akaiongezea nyingine mwanga, na kwa njia hiyo uso uliozama kivulini ukapata macho na mashavu. Negativu moja ilibeba picha nyingi zinazowezekana, na aliyeimiliki ndiye aliyechagua ipi kati yake itoke.

Fedha ya kahawa ndiyo iliyowapa wakazi wa milimani uwezo wa kuwa wateja wa kazi hiyo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilianza katika miaka ya 1930, na kilimo cha kahawa aina ya arabika kilipokua, kaya za Wamatengo zilipata kipato cha msimu kilicholipa ada za shule, bati za nyumba na mahari, pamoja na picha za matukio hayo. Studio ya mji mdogo wa Tanzania katika miongo iliyofuata uhuru ilihitaji pazia lenye mandhari yaliyochorwa, kiti, taa mbili au mwanga wa dirishani, na chumba kidogo kilichozibwa mianya. Wateja wake walikuwa wanafunzi waliomaliza darasa la saba, maharusi, watumishi waliotakiwa kuambatisha picha ndogo kwenye fomu, na wazazi waliotaka kumpelekea kijana aliyeko mbali sura ya mdogo wake. Huu ndio wakati ambapo kupiga na kusafisha vilikaa chini ya paa moja, na mteja aliambiwa arudi baada ya siku mbili kuchukua picha yake ya rangi nyeusi na nyeupe. Negativu, hata hivyo, ilibaki kwa mwenye studio, na studio ilipofungwa au mwenyewe alipofariki, maboksi yake yalikosa msimamizi.

Picha za rangi zilivunja umoja huo. Utaratibu wa kemikali unaojulikana kama C-41, uliotolewa na Kodak mwaka 1972 na kuwa kawaida duniani, ulidai dawa iwe katika nyuzi 37.8 na isiyumbe hata nusu ya nyuzi moja, jambo ambalo mashine ya umeme hulifanya kwa urahisi na beseni la mkono hulifanya kwa shida. Mashine hizo zilikuwa ghali, zilihitaji umeme usiokatika na wingi wa wateja, kwa hiyo zilikaa mijini. Kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilomita 100 na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, katika barabara ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mbovu wakati wa masika. Mpiga picha wa harusi alikusanya mikanda, akaituma kwa basi na kusubiri irudi, na mashine ya mbali, iliyopangwa kutoa wastani wa rangi kwa kila mkanda, iliamua ngozi ya bibi harusi wa Litembo itakuwa na rangi gani. Kwa maana hii, maendeleo ya kiufundi yaliyarudisha maamuzi mjini kama vile kioo kikavu kilivyoyapeleka Ulaya.

Kamera za dijitali ziliondoa mkanda na dawa, lakini mwanzoni hazikuondoa uamuzi wa mbali. Ziliuhamishia ndani ya kamera yenyewe. Kihisi cha kamera hiyo ni bamba dogo lenye mamilioni ya vijishimo vinavyopokea mwanga, na mpangilio wake unafanana na mteremko wa Umatengo uliolimwa kwa ngolo, ile mbinu ya kale ya kuchimba mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta ili kila shimo lipokee mvua yake bila kuporomosha udongo. Kila kijishimo hupima wingi wa mwanga tu, wala hakijui rangi. Kwa sababu hiyo hufunikwa na kichujio kilichobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, ambacho hugawa nusu ya vijishimo kwa rangi ya kijani, robo kwa nyekundu na robo kwa buluu. Ili picha kamili ipatikane, programu hukisia rangi mbili zinazokosekana katika kila kijishimo kwa kutazama majirani zake, hurekebisha mizania ya weupe, yaani kiwango ambacho kitu cheupe kitaonekana cheupe chini ya jua, kivuli au taa, halafu huongeza ung'avu, hupunguza chengachenga, yaani punje zinazochafua picha, na kubana matokeo katika faili ya JPEG, muundo uliosanifiwa mwaka 1992. Hayo yote hutendeka ndani ya kamera kwa kufuata mapishi ya mtengenezaji wa kiwanda, na vipimo vya mwanzo hutupwa.

Faili ghafi ni vipimo hivyo vya mwanzo vikihifadhiwa kabla ya mapishi. Tofauti yake inapimika kwa tarakimu: JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi yenye biti 12 kwa kila kijishimo hubeba ngazi 4,096, na ngazi hizo za ziada ndizo zinazomwezesha fundi kufunua kivuli bila kukiharibu. Katika kamera ndogo umuhimu huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kihisi cha nyingi kati ya kamera ndogo bora za miaka ya 2000 kilikuwa na upana wa milimita 7.6 na kimo cha milimita 5.7, takriban sehemu moja ya ishirini ya eneo la mkanda wa milimita 35. Mwanga mchache huzaa chengachenga nyingi, na programu ya ndani ya kamera huzifuta kwa kulainisha kila kitu, zikiwamo nyuzi za kitenge na makunyanzi ya uso. Watengenezaji wenyewe walisitasita kuwapa wateja faili hiyo. Canon iliweka uwezo huo katika PowerShot G1 ya mwaka 2000, ikauondoa katika G7 ya mwaka 2006, ikaurudisha katika G9 mwaka uliofuata, na katika kipindi hichohicho watumiaji waliunda programu ya bure ya CHDK iliyozilazimisha kamera za Canon za bei nafuu kuhifadhi faili ghafi. Mmarekani Dave Coffin alikuwa ameanza mwaka 1997 programu ya dcraw, iliyosoma faili za kampuni nyingi. Adobe ilitoa muundo wa wazi wa DNG mwaka 2004. Na darktable, chumba cha giza cha kompyuta kisicholipiwa, ilianza mwaka 2009.

Mteremko wa ngolo wenyewe waonyesha kazi inavyokwenda. Upigwapo picha saa sita mchana kwa kamera ndogo, matuta yenye udongo mkavu hung'aa mno na mashimo hugeuka madoa meusi, hivi kwamba JPEG humwonyesha mtazamaji ubao wa drafti na kumficha jambo lenyewe, yaani majani yaliyolazwa kwa mpangilio wa miraba na kufukiwa chini ya udongo ili yaoze na kuurutubisha. Msafishaji wa faili ghafi huanza kwa kupunguza mwanga wa jumla mpaka udongo uliopauka upate tena punje zake, huinua vivuli taratibu mpaka sakafu ya shimo ionekane, hupanga mizania ya weupe kwa kutumia kitu kisicho na rangi kama jiwe la kijivu, hunyoosha mistari iliyopindwa na lenzi ndogo, na mwisho huondoa chengachenga kwa kiasi kisichofuta majani. Kazi hiyo haigusi faili ya asili, kwa maana programu huandika maelekezo pembeni tu, na mtu mwingine aweza kuanza upya baada ya miaka 20 akiwa na shabaha tofauti. Kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani, waliouchunguza mfumo huu wa kilimo vijijini Mbinga tangu miaka ya 1990, tofauti kati ya doa jeusi na shimo lenye majani ni tofauti kati ya mapambo na ushahidi.

Ziwani jambo hilo huonekana kwa njia nyingine. Miamba ya Liuli, Mbamba Bay na visiwa vya jirani ni makazi ya samaki wa rangi waitwao mbuna, ambao spishi zao na jamii zao mara nyingi hutambuliwa kwa rangi inayobadilika kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Fülleborn alikusanya samaki pia, na mmoja wao aliitwa kwa jina lake, Labeotropheus fuelleborni, na mtaalamu Ernst Ahl mwaka 1926. Lakini samaki aliyehifadhiwa katika kileo hupoteza rangi, na kioo cha picha cha wakati huo hakikuwa na rangi ya kuitunza. Wapiga picha wa chini ya maji wa miongo ya karibuni, akiwamo mtafiti Ad Konings aliyeuzungukia mwambao wa Tanzania na kuchapisha vitabu kuhusu samaki wa ziwa hili, wamelazimika kushughulika na ukweli kwamba maji humeza mwanga mwekundu ndani ya mita chache za kwanza, hivyo kila kitu huonekana cha buluu. Faili ghafi huruhusu wekundu uliosalia uinuliwe kwa kipimo. JPEG iliyokwisha kuutupa haiwezi kuurudisha, na samaki anaweza kuonekana wa spishi nyingine kwa kosa la kamera.

Katika kipindi hichohicho sehemu ya picha za zamani imeanza kurudi kwa njia ya intaneti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt iliweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani, na mwezi Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa kwa umma picha nyingi, zikiwamo za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo. Mwalimu wa historia wa Mbamba Bay aweza sasa kuzionyesha darasani. Hata hivyo zilizorudi ni nakala zilizokwisha kusafishwa na kupunguzwa, na nyingi kati ya zile za mwaka 2008 zilikuwa na pikseli 800 hivi tu upande mrefu. Kioo, pamoja na kila kivuli ambacho hakuna aliyewahi kukifunua, kimebaki Ulaya.

Mazingira ya kazi Mbinga yamebadilika pia. Laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018, na lami imefika Mbamba Bay, kwa hiyo kompyuta mpakato inafanya kazi ambayo mashine ya C-41 haikuweza kuifanya hapa. Kizuizi kilichobaki ni cha uhifadhi. Faili ghafi moja huchukua megabaiti 15 hadi 20, mara tatu au nne ya JPEG, na fundi mwenye kadi chache na diski moja hushawishika kumkabidhi mteja picha zilizomalizika kwenye fleshi, kisha kufuta asili ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi inayofuata. Akifanya hivyo huitupa negativu kwa hiari yake, jambo ambalo hata mwenye studio ya zamani hakulifanya.

Historia hii inaonyesha kwamba kila badiliko la teknolojia, kutoka kioo kikavu hadi mkanda wa rangi, lilifuatwa na swali lilelile la nani anabaki na asili, na kwamba faili ghafi imeondoa vikwazo vya joto la maji, dawa na kilomita bila kulijibu swali hilo. Jibu lake ni la kitaasisi. Shule, parokia, vyama vya ushirika na halmashauri za Mbinga na Nyasa, ambazo hugharamia picha za mikutano, mavuno na maadhimisho kila mwaka, zinaweza kudai katika mikataba yao wakabidhiwe faili ghafi pamoja na JPEG, zikiwa katika muundo wa wazi, zikiambatana na jina la kijiji, tarehe na majina ya waliomo, na zikitunzwa katika diski mbili zilizo katika majengo tofauti. Gharama ya diski hizo ni ndogo kuliko ya kumsafirisha mtafiti mmoja hadi Oxford au Bavaria kwenda kuitazama Liuli au Kigonsera ya wazazi wake.